Tangazo la Kazi kwa Njia ya Simu: Wajibu wa Wakala na Haki ya Anayeitwa

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, masheha na wananchi



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo, nalo ni namna wakala wa ajira anavyomtangazia mtu kazi kwa njia ya simu. Ujumbe wa maneno ishirini hauchukui dakika moja kuandikwa. Hata hivyo, maneno hayo ishirini yanaweza kumtoa kijana kwao, yakamvusha reli, barabara na bahari, na kumfikisha mahali ambapo hana ndugu, hana mkataba na hana nauli ya kurudia. Hivyo basi, inafaa kueleza kwa utaratibu kile ambacho sheria inamtaka wakala akitimize, na kile ambacho anayeitwa ana haki ya kukidai kabla hajafunga mzigo wake.

Mfano utakaotumika ni wa Kasulu na Kibondo, wilaya za nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Huenda msikilizaji wa Unguja au Pemba akauliza nyanda hizo zinahusiana vipi na Visiwani. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, ni sehemu chache za Tanzania zilizoitwa kazini kwa muda mrefu kama hizo, na historia yake inafundisha. Pili, anayefuata kazi haishii bara. Visiwa hivi vimepokea wafanyakazi kutoka bara tangu enzi za uchumaji wa karafuu, na leo mahoteli, ujenzi na kazi za nyumbani vinaendelea kuwavuta. Aliyepigiwa simu Kasulu anaweza kushuka bandarini Malindi siku chache baadaye, na wa kwanza kuulizwa habari zake akawa sheha.

HISTORIA YA KUITWA KAZINI

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na mbegu hiyo ndogo yalikua mashamba makubwa ya Tanga, Muheza, Korogwe, Kilosa na Morogoro. Mashamba hayo yalihitaji wakataji wengi, na wenyeji wa karibu hawakutosha, wala wengi wao hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa. Wenye mashamba wakageukia nchi za mbali, ambako kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na mazao ya kuuza yalikuwa machache. Buha, nchi ya Waha inayojumuisha Kasulu na Kibondo, ilikuwa mojawapo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kuwachukua watu ikawa wazi.

Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi yake maalumu ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Ofisi hiyo ilipeleka watu wake mikoani, Kigoma ikiwemo, kuandikisha vijana na kuwasafirisha hadi mashambani. Safari ilikuwa ndefu. Mpaka mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya reli baina ya Ruvu na Mnyusi, Reli ya Kati na Reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana, kwa hiyo mtu wa Kasulu aliyekwenda Korogwe hakuweza kufika kwa gari moshi peke yake. Kwa sababu ya namba walizopewa wakati wa kuandikishwa, wafanyakazi hao waliitwa manamba. Jina hilo limebaki katika Kiswahili likiwa na maana ya mtu anayehesabiwa kwa kazi yake tu, asiyejulikana jina lake.

Katika mashamba hayo malipo yalifuata kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku iliandikwa pale tu kazi iliyopangwa ilipokamilika. Siku ya ugonjwa, au siku ambayo kazi haikwisha, haikuandikwa. Mshahara ulitolewa kipande kilipojaa. Kwa hiyo, mtu aliyeelewa huko kwao kwamba atalipwa kila mwezi angeweza kukuta kuwa mwezi wa kipande ni mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Neno lilikuwa moja, maana zikawa mbili, na tofauti ya maana hizo ilitoka mfukoni mwa mfanyakazi.

Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamekwishaonekana katika nchi nyingi zilizotawaliwa. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Nam. 50 kuhusu uandikishaji wa wafanyakazi wenyeji. Mkataba huo uliwataka waandikishaji wawe na leseni. Ulitaka aliyeandikishwa afikishwe mbele ya ofisa wa umma, ili ofisa aridhike kwamba mtu huyo hakushurutishwa wala kudanganywa, na kwamba hakukubali kwa kutoelewa. Ulitaka pia gharama za safari zisibebwe na mfanyakazi. Mkataba huo uliondolewa rasmi mwaka 2018 kwa kuwa zama zake zimepita, lakini sababu zilizouleta hazijapita.

Ni haki kusema pia kwamba ulinzi wa zamani ulikuwa na kasoro kubwa. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1923 kuhusu waajiri na watumishi, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Mkataba ulisomwa mbele ya ofisa, lakini mwenye kuogopa ofisa huyo alikuwa mfanyakazi zaidi kuliko mwandikishaji. Fundisho lake ni kwamba shahidi wa Serikali hatoshi kwa kuwapo tu. Lazima amuulize yule anayekwenda, na amsikilize.

KILICHOBADILIKA

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994, kwanza mijini. Zilipoenea hadi vijijini, habari ya kazi haikuhitaji tena mtu wa kuileta kijijini. Hilo ni jambo la heri. Kijana wa Kibondo anaweza leo kusikia nafasi iliyopo zaidi ya kilometa 1,200 kutoka kwao bila kumlipa mtu wa kati, na mwajiri wa Visiwani anaweza kuzungumza naye moja kwa moja. Kwa hiyo, makusudio ya mazungumzo haya si kuifanya simu ionekane adui. Anayetaka simu isitumike kabisa kutangaza kazi atakuwa amemrudisha mwananchi wa nyanda za juu mikononi mwa wale wanaouza habari kwa fedha.

Hata hivyo, simu imeondoa mambo matatu ambayo mwandikishaji wa zamani, pamoja na ubaya wake, hakuweza kuyakwepa. La kwanza ni uso: mwandikishaji alionekana, na kijiji kizima kilimjua akirudi. La pili ni mahali: ilijulikana mtu ameandikwa Kasulu, si kwingineko. La tatu ni shahidi: palikuwa na karatasi na ofisa, hata kama ofisa huyo hakuuliza vya kutosha. Kwa simu, sauti haina uso, makubaliano hayana mahali, na shahidi hayupo. Masharti yote yatakayotajwa yana lengo moja, nalo ni kuyarudisha mambo hayo matatu.

Upungufu huo umewafungulia mlango walaghai. Mwenye simu Tanzania anaujua ujumbe usemao fedha ile itumwe kwenye nambari hii. Ulaghai wa kazi ni ndugu wa ujumbe huo. Mtu hupigiwa simu na kuambiwa amechaguliwa. Jina la kampuni inayojulikana hutajwa. Kisha huombwa fedha kidogo ya fomu, ya kupima afya, ya sare au ya mafunzo. Udogo wa fedha hiyo ndio nguvu ya hila yenyewe. Ikiwa watu 200 watatuma shilingi 10,000 kila mmoja, mlaghai atakuwa amekusanya shilingi 2,000,000, na hakuna hata mmoja kati ya hao 200 atakayeona inafaa kupoteza nauli na siku nzima kwenda kituo cha polisi kwa ajili ya shilingi 10,000.

Lakini hasara kubwa zaidi si ya huyo aliyetuma fedha na kubaki kwao. Ni ya yule aliyeitwa kwenye kazi iliyopo kweli, akasafiri, akakuta mshahara ni mdogo kuliko ulivyotajwa, kazi ni nyingine, na nauli aliyopewa imegeuzwa kuwa deni la kukatwa kila mwezi. Huyu hakuibiwa kwa siku moja. Amefungwa kwa maneno ambayo hayakuandikwa popote.

SHERIA ZILIZOPO

Baadhi ya watu hudhani kuwa simu ni uwanja usio na sheria. Dhana hiyo si sahihi. Sheria zipo, ila zimetawanyika, na kila ofisi huangalia kipande chake.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira Nam. 9 ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira asajiliwe kabla ya kuendesha shughuli zake. Kanuni za mawakala binafsi za mwaka 2014 zilimrudisha wakala kwenye kazi yake halisi, yaani kumuunganisha mwombaji na mwajiri, badala ya wakala mwenyewe kujifanya mwajiri wa watu anaowapeleka kwa wengine. Kwa upande wa Zanzibar ipo Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005, na mwananchi mwenye shaka juu ya wakala apaswa kuuliza kwa mamlaka ya kazi.

Katika kiwango cha kimataifa, Mkataba Nam. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni ya msingi kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka ya nchi inaporuhusu kwa sababu maalumu. Anayelipia huduma ya wakala ni mwajiri anayetafuta mtu. Mkataba huo unataka vilevile taarifa za mwombaji zilindwe, na zinazokusanywa ziwe zile zinazohusu sifa na uzoefu wake wa kazi.

Kuhusu matangazo yenyewe, kanuni za Uingereza za mwaka 2003 zinatoa mfano wa kufaa. Zilitaka kila tangazo la wakala, kwa chombo chochote kile, litaje jina kamili la wakala kwa namna inayosomeka au inayosikika. Zilikataza wakala kutangaza nafasi ambayo hana habari zake kamili na hakupewa idhini na mwajiri kuitafutia mtu. Na pale mshahara unapotajwa, zilitaka aina ya kazi, mahali pake na sifa zinazohitajika vitajwe pia. Neno la kuzingatia hapo ni "inayosikika". Tangazo lisemwalo kwa mdomo ni tangazo, na lina wajibu ule ule wa tangazo lililobandikwa ukutani.

Kuhusu simu na taarifa binafsi, laini zote Tanzania hutakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu unaofanywa kwa vifaa vya mawasiliano. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya kibiashara.

Ipo sheria moja zaidi inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayomgusa sana mtu wa Kasulu na Kibondo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na miongoni mwa maelezo hayo ni mahali alipoajiriwa. Sababu ya kutaka hivyo inaonekana mkataba unapokwisha. Ikiwa kazi imekoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi alipoajiriwa, au kumlipa gharama za safari hiyo pamoja na posho ya kujikimu wakati akisubiri. Na sheria hiyo inaeleza kuwa kuajiri, kwa maana hiyo, ni kule kumshawishi mtu aingie kazini, kunakofanywa na mwajiri au wakala wake.

Hapo ndipo simu inapoleta utata wenye gharama. Chukulia mfano wa msichana aliyekuwa nyumbani kwao katika kijiji cha Kasulu alipopigiwa simu, akaelezwa kazi, akakubali. Alisafiri, na mkataba wake, kama ulikuwapo, ukaandikwa Dar es Salaam. Mwaka mmoja baadaye kazi inakoma. Mwajiri anasema ameajiriwa Dar es Salaam, hivyo hana wajibu wa kumrudisha popote. Msichana anasema alishawishiwa akiwa kwao. Asipokuwa na ujumbe wala shahidi, neno la mwajiri lina karatasi na neno lake halina. Nauli ya kurudi nyanda za juu inapotea kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuandikwa siku ya kwanza. Kwa hiyo, kutaja mahali ambapo mtu ameitwa kazini si urasimu. Ni tofauti baina ya kurudi kwao na kubaki njiani.

MASHARTI YA TANGAZO LA SIMU

Kutokana na sheria na mikataba iliyotajwa, wakala mwaminifu anayetangaza kazi kwa simu atazingatia mambo yafuatayo, na mwananchi atamtambua kwayo.

(1) Atajitambulisha kwanza. Kabla ya kutaja kazi atataja jina kamili la wakala, kwamba yeye ni wakala na si mwajiri, mahali ofisi ilipo, na usajili wake unavyoweza kuhakikishwa.

(2) Kazi itakuwapo. Hatatangaza nafasi ili kukusanya majina ya watu. Atakuwa ameagizwa na mwajiri halisi, na atakuwa tayari kumtaja kabla mtu hajasafiri.

(3) Ataeleza kazi yenyewe. Atataja aina ya kazi, mahali, saa, muda wa mkataba, mshahara kwa shilingi na unavyolipwa, pamoja na makato yote. Chakula na malazi vikitajwa, itaelezwa kama ni nyongeza ya mshahara au vinakatwa humo.

(4) Hataomba fedha. Ada ya fomu, ya usaili, ya kupima afya au ya kushika nafasi haitatozwa anayeitwa, kwa jina lolote lile.

(5) Ataeleza nauli na mahali pa kuajiriwa. Atasema nani analipa safari ya kwenda, kama fedha hiyo itadaiwa baadaye, na kwamba mtu ameajiriwa akiwa kijiji gani, wilaya gani.

(6) Atayaandika aliyoyasema. Maneno ya simu yatafuatwa na ujumbe au karatasi yenye mambo yale yale, kwa Kiswahili chepesi, na mtu atapewa muda wa kushauriana na jamaa zake. Anayesema gari linaondoka jioni hii na nafasi itapotea anakwepa ushauri huo.

(7) Hatamwita mtoto. Sheria ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari. Wakala atauliza umri na kutaka uthibitisho wake, wala hatamshauri mzazi aongeze miaka.

(8) Atalinda taarifa za mtu. Ataomba zile zinazohitajika kwa kazi tu. Hataomba kamwe nambari ya siri ya fedha za simu. Akiambiwa asipige tena, hatapiga, wala hatampa mwingine orodha ya majina.

Kwa wale wanaoitwa kwenda nchi za nje, hasa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, tahadhari ni kubwa zaidi. Mkataba Nam. 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi wa nyumbani anayeajiriwa katika nchi nyingine apate maandishi ya kazi kabla hajavuka mpaka. Kijana anayetolewa Kibondo akaambiwa mkataba atausoma Muscat amekwisha kunyimwa haki yake ya kwanza akiwa bado yupo Tanzania.

Aidha, katika Kasulu ipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi huhitaji kibali kutoka nje ya eneo alilopangiwa. Wakala anayempigia simu mkimbizi na kumtaka atoke bila kibali anamwingiza katika kosa, kisha hulitumia kosa hilo kumnyamazisha asidai mshahara. Jambo hilo halivumiliki.

WAJIBU WA WATUMISHI

Masharti hayo yatabaki maneno ikiwa watumishi hawatayatekeleza. Mtendaji wa kijiji huko nyanda za juu ndiye aliye karibu zaidi na anayeondoka. Hahitaji uwezo mkubwa; anahitaji daftari. Kila kijana anayeitwa kazini mbali akiandikwa jina lake, nambari iliyompigia, jina la wakala, kazi aliyoahidiwa, mshahara na tarehe, mstari huo mmoja utakuwa ushahidi wa mahali alipoajiriwa. Kuandika huko kusiwe ruhusa ya kusafiri, kwani Mtanzania ana uhuru wa kwenda atakako, na kusiwe na malipo. Kuwe ni kumbukumbu tu.

Upande wa Visiwani, sheha anayepokea mgeni aliyekuja kwa kazi anaweza kumuuliza maswali manne: nani alikuita, ulikuwa wapi alipokuita, aliahidi nini, na nauli yako ya kurudi iko wapi. Maswali hayo yaulizwe kwa upole, mwajiri akiwa hayupo. Yasiulizwe kwa nia ya kumtisha mgeni au kumfukuza. Kasoro ya ofisa wa zamani ilikuwa kumkagua mfanyakazi badala ya kumlinda. Sheha wa leo hana sababu ya kuirithi kasoro hiyo. Jibu likileta shaka, habari ipelekwe kwa ofisa wa kazi, na pale penye dalili ya usafirishaji haramu wa watu, ipelekwe polisi bila kuchelewa, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inalihesabu hilo kuwa kosa kubwa la jinai.

Ofisa wa kazi naye asikubali kauli kwamba malalamiko ya simu hayana ushahidi. Ujumbe uliohifadhiwa, kumbukumbu ya mwito na risiti ya fedha iliyotumwa ni ushahidi. Mlalamikaji aliyeko mbali asitakiwe kusafiri siku mbili ili tu ajaze fomu. Ikiwa aliitwa kwa simu, na asikilizwe kwa simu.

KWA WANANCHI

Mwananchi anayepata tangazo la kazi kwa simu anashauriwa asikatae kila simu na asikubali kila simu. Aulize jina, ofisi na mwajiri. Aombe yote yaandikwe katika ujumbe, na ujumbe huo asiufute hata baada ya kupata kazi. Amsomee mtu mwingine wa nyumbani, mwalimu wa skuli au mtendaji. Asitume fedha. Akitiliwa shaka na nambari iliyompigia, aitume kwenda 15040, nambari iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu. Na kwa kupiga *106# anaweza kuhakikisha kwamba hakuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila ya yeye kujua, maana mlaghai hupenda kujificha nyuma ya jina la mtu mwingine.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mara nyingi anayepigiwa simu kwanza si kijana bali mzazi, na ahadi ya fedha ya kila mwezi hutamkwa kwa mzazi. Mzazi asikubali kwa niaba ya mtoto jambo ambalo mtoto hajalisikia kwa masikio yake. Na baada ya mtoto kuondoka, simu ile ile iliyomwita na itumike kumjulia hali. Mwajiri anayemnyang'anya mfanyakazi simu, au anayemzuia asizungumze na kwao, ametoa dalili ya kutosha ya kumfanya ofisa achunguze.

Kwa mawakala wanaofanya kazi yao kwa uaminifu, masharti haya si mzigo. Wao ndio wa kwanza kupata hasara pale wananchi wanapoacha kuamini simu yoyote ya kazi. Wakala anayejitaja jina, anayeandika aliyosema na asiyeomba fedha ana kila sababu ya kutaka wenzake wote wafanye hivyo.

Ndugu watumishi, ndugu masheha, ndugu wananchi. Vijana wa Kasulu na Kibondo wa miaka ya 1940 na 1950 walikwenda wakiwa na namba, na kwa wengi wao namba ndiyo iliyokumbukwa na vitabu vya shamba. Wengine walirudi, wengine walibaki, na vizazi vyao vinaishi Tanga na kwingineko hadi leo. Anayeitwa leo naye ameanza kuwa nambari, safari hii nambari ya simu katika orodha ya wakala. Kazi ya sheria na ya kila mtumishi anayeitekeleza ni kuhakikisha kwamba nambari hiyo ina jina, jina hilo lina kijiji, na kijiji hicho kimeandikwa katika mkataba, ili siku kazi itakapokwisha mwenye jina hilo awe na njia ya kurudi kwao.